Kazi ya Mhifadhi wa Makumbusho: Kuzuia Uharibifu Kabla ya Kutengeneza

Kiti cha enzi cha mwambao, kile chenye mgongo mrefu ulionyooka, mbao nyeusi zilizopachikwa vipande vya pembe au mfupa, na mahali pa kukalia palipofumwa kwa kamba, huonekana machoni pa mgeni wa makumbusho kuwa kitu kimoja. Kwa mtu aliyeajiriwa kukitunza, ni vitu vitatu vilivyolazimishwa kuishi pamoja. Mbao hutanuka hewa inapojaa unyevu na kusinyaa hewa inapokauka, tena hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Pembe nayo hutanuka na kusinyaa, lakini si kwa kiasi kile kile wala kwa kasi ile ile, huku kamba zikikaza na kulegea kwa namna yake zenyewe. Ndiyo maana kipande cha pembe kilichokaa mahali pake kwa miongo mingi huweza kubanduka miezi michache tu baada ya kiti kuhamishiwa katika chumba chenye kiyoyozi, bila mtu yeyote kukigusa.

Fundi seremala hodari akiletewa kiti hicho atakipiga msasa, ataziba matundu, atachonga kipande kipya mahali pa kilichopotea, na kumalizia kwa vanishi. Mwenye kiti atashukuru, na fundi atakuwa ametimiza wajibu wake. Mhifadhi wa makumbusho akiletewa kiti hicho hicho huanza kwa kutokifanya chochote. Hukipiga picha pande zote, huandika hali ya kila kiungo, kisha huweka karatasi nyeusi chini ya kila mguu na kukiacha. Baada ya wiki moja hivi hurudi kuitazama karatasi. Ikiwa kuna unga mpya wa mbao, laini na wa rangi ya maziwa, basi bungua wangali hai ndani ya mguu na wanaendelea kula. Ikiwa karatasi ni safi, matundu yale ni historia tu, na kuyapulizia dawa kungekuwa kukitia kiti sumu kwa ajili ya wadudu waliokwisha kuondoka zamani.

Unga ukiwapo, kazi inayofuata ni kuua wadudu bila kuua kiti. Vikapu, mikeka na vitambaa vingi hufungwa katika mifuko ya plastiki isiyopitisha unyevu na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa takriban wiki mbili. Njia hiyo ni rahisi na friza la kawaida la dukani linaweza kuifanya, lakini kiti chenye pembe iliyopachikwa kinaweza kupasuka kwa baridi hiyo, kwa kuwa kila maada itasinyaa kivyake. Kwa hiyo kiti hutiwa katika mfuko maalumu pamoja na vifyonza oksijeni, kikaachwa humo wiki kadhaa mpaka wadudu, mabuu na mayai yafe kwa kukosa hewa. Kipande cha pembe kilichobanduka hurudishwa kwa gundi ambayo mtu mwingine, miaka 50 baadaye, ataweza kuiyeyusha: ama gundi ya kale ya ngozi inayolegea kwa maji ya uvuguvugu, ama gundi ya akriliki kama Paraloid B-72, ambayo hukubali kuyeyushwa kwa asetoni hata baada ya muda mrefu. Gundi za dukani zinazokauka papo hapo hazitumiki, na sehemu kubwa ya taabu za mhifadhi hutokana na gundi hizo hizo zilizotiwa na watu waliokuwa na nia njema kabla yake.

Hapo ndipo mkanganyiko wa watu wengi kuhusu taaluma hii unapoanzia. Hudhaniwa kuwa mhifadhi ni mtengenezaji wa vitu vilivyovunjika, ilhali matengenezo ni sehemu ndogo ya siku yake. Mkanganyiko huongezeka kwa sababu katika makumbusho zetu nyingi cheo cha mhifadhi hupewa watu wa kazi tofauti. Yupo anayechunguza mkusanyo, kuufasiri na kuamua nini kiingie na nini kioneshwe. Huyu ni mtaalamu wa historia, akiolojia, utamaduni au viumbe. Yupo anayesimamia daftari la mkusanyo, namba, mikataba ya kuazimana na mahali kila kitu kilipo. Yupo anayeandaa maonesho. Na yupo anayeshughulika na kitu chenyewe kama maada: kimeundwa kwa nini, kinaharibiwa na nini, na kifanyiwe nini. Makala hii inamhusu huyu wa mwisho, ingawa katika makumbusho ndogo ya wilayani mtu mmoja huweza kuzifanya kazi zote nne na kuwaongoza wanafunzi wa shule juu yake.

Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada ilivipanga visababishi vya uharibifu katika makundi 10, na mpango huo sasa hufundishwa karibu kila mahali: nguvu za kimwili kama kuanguka, kugongwa na mtetemo, wizi na uharibifu wa makusudi, moto, maji, wadudu na panya, vichafuzi, mwanga, joto lisilofaa, unyevu usiofaa, na mwisho, kitu kutengana na kumbukumbu zake. Faida ya mpango huu ni kwamba humzuia mtu kuzama katika hatari moja anayoipenda. Aliyesomea kemia huona kutu kila mahali, na mlinzi huona wezi, lakini paa linalovuja linaweza kuangamiza kwa usiku mmoja kile ambacho kutu ingekila kwa karne nzima.

Zanzibar imelijua hilo kwa uchungu. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na baadaye kuwa makumbusho, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo ndilo kasha la kwanza la mkusanyo. Mhifadhi ambaye hajawahi kupanda darini kutazama mabati na mifereji ya maji, au ambaye anaona si hadhi yake kuzungumza na fundi bomba, hajaianza kazi, hata awe na shahada gani.

Katika mwambao wetu, hata hivyo, unyevu ndio mada isiyokwisha. Kinachopimwa ni kiasi cha mvuke uliomo hewani kikilinganishwa na kile ambacho hewa ya joto hilo ingeweza kubeba. Unapopita takriban asilimia 65 na hewa ikatulia, koga huota juu ya ngozi, majalada ya vitabu na nguo. Kwa miongo mingi vitabu vya taaluma, vilivyoandikwa Ulaya na Marekani, vilitaka vyumba vya mikusanyo viwe na unyevu wa asilimia 50 hivi na joto la nyuzi 20, bila kupanda wala kushuka. Mombasa na Unguja, ambako unyevu wa asilimia 75 au 80 ni jambo la kawaida, kipimo hicho hakipatikani ila kwa mitambo inayofanya kazi usiku na mchana. Matokeo yake yalikuwa viyoyozi vinavyowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, au vinavyozimwa na umeme wenyewe, na vitu vikapandishwa na kushushwa unyevu kila siku ya Mungu. Kwa mbao na pembe, mabadiliko hayo ni mabaya kuliko unyevu mkubwa uliotulia.

Mwaka 2014 jumuiya kuu mbili za kimataifa za wahifadhi zilitoa tamko la pamoja lililokubali kwamba hali ya hewa ya mahali izingatiwe, na leo hata makumbusho kubwa za Ulaya hukubali vitu vingi vikae kati ya asilimia 40 na 60. Lakini hata ukomo huo wa juu uko chini ya siku yetu ya kawaida. Kwa hiyo mhifadhi wa pwani hulazimika kutafuta majibu mengine: feni zinazozungusha hewa ili koga isipate utulivu, rafu zilizoachana na ukuta wa nje, madirisha yenye wavu yanayofunguliwa na kufungwa kwa saa maalumu, na kuzitumia vizuri kuta nene za mawe ya matumbawe ambazo wazee wetu walizijenga na ambazo hupunguza kasi ya mabadiliko ya joto. Kifaa kidogo kinachorekodi joto na unyevu kila baada ya dakika chache kitamfaa kuliko kiyoyozi, kwa sababu kitamwonesha chumba kinafanya nini saa tisa za usiku wakati yeye amelala.

Mgongano wa mahitaji huonekana wazi katika Makumbusho ya Lamu, zilipo siwa mbili mashuhuri, yaani baragumu kubwa za heshima: ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ya Lamu iliyosubiwa kwa shaba. Pembe hutaka unyevu wa wastani usiorukaruka, na hewa ikikauka mno hupasuka kufuata mkondo wake wa ukuaji. Shaba na madini yaliyochanganywa nayo, hasa yakiwa yameguswa na chumvi ambayo upepo wa bahari huibeba hadi ndani ya nyumba, hutaka ukavu, kwa maana chumvi ya kloridi ikipata unyevu huanzisha ugonjwa unaotoa unga wa kijani kibichi mwepesi na kuendelea kuchimba chini kwa chini. Hakuna chumba kimoja kitakachoyatimiza matakwa hayo mawili. Jibu la kitaalamu ni kuacha kuwaza kuhusu chumba na kuwaza kuhusu kabati: kabati la kioo lililozibwa vizuri na kuwekewa chembe za silika linaweza kuwa na hewa yake lenyewe, kavu kwa shaba na ya wastani kwa pembe, bila gharama ya umeme. Lakini mbao na rangi za kabati hilo nazo sharti zichunguzwe, kwa kuwa aina nyingi za mbao hutoa mvuke wa asidi ambao ndani ya kasha lililofungwa hula madini ya risasi, makombe na hata karatasi.

Chumvi na maji vina sura nyingine katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira, na ikachimbuliwa na wanaakiolojia wa chini ya maji kuanzia mwaka 1977. Kila kilichotolewa baharini kilianza kufa kilipoguswa na hewa. Chuma kilichojaa chumvi kikiachwa kikauke hupasuka vipande vipande, kwa hiyo hulowekwa kwenye maji yenye alkali yanayobadilishwa mara kwa mara, miezi na wakati mwingine miaka, huku mtu akipima kila mara ni kloridi kiasi gani imetoka. Mbao zilizolowa karne tatu zimebaki ganda tu. Maji ndiyo yanayozishikilia, na yakikauka ghafla ubao hunywea na kujikunja usitambulike tena. Waswidi walipoiopoa meli ya Vasa mwaka 1961 walilazimika kuinyunyizia kemikali ya nta iitwayo polietilini glaikoli kwa miaka 17. Ubavu wa meli ya Mombasa ulipimwa, ukachorwa, na kuachwa chini ya bahari. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa upungufu. Mimi nauona kuwa uhifadhi wa hali ya juu, kwa sababu kuopoa usichoweza kukitunza ni kukiangamiza hadharani.

Mwanga nao haurudishi ulichochukua. Kanga ya zamani ikioneshwa hutakiwa ipate mwanga usiozidi luksi 50, ambao ni hafifu kiasi cha wageni kulalamika, tena kwa miezi michache kabla ya kurudishwa gizani. Hesabu ni ya kujumlisha: saa 10 za luksi 500 ni sawa na saa 100 za luksi 50, na rangi iliyopauka hakuna dawa ya kuirudisha.

Kundi la 10, la kitu kutengana na kumbukumbu zake, halivutii wapiga picha, na kwa maoni yangu ndilo linaloziumiza makumbusho za ukanda wetu kuliko wadudu. Ngoma isiyo na namba, isiyojulikana ilitoka kijiji gani, nani aliipiga na katika shughuli ipi, imebaki kuwa gogo lenye ngozi, hata ikiwa haina tundu hata moja. Lebo iliyofungwa kwa uzi huliwa na panya. Wino wa kalamu ya kawaida hupauka. Daftari huloweshwa na mvua. Mfanyakazi aliyekuwa akijua kila kitu kwa kichwa hustaafu. Kwa hiyo namba huandikwa juu ya kitu chenyewe, mahali pasipoonekana, juu ya tabaka jembamba la gundi inayoondoleka, na nakala ya daftari huwekwa jengo lingine. Mpango wa Re-Org wa ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao yake Roma, umebuniwa mahususi kwa makumbusho ndogo zenye stoo zilizojaa: unafundisha namna ya kuipanga upya stoo kwa fedha kidogo, na swali lake la msingi ni kama kitu chochote kinaweza kupatikana kwa dakika chache bila kuhamisha vingine vingi. Ukiingia katika stoo na kukuta huwezi kufika rafu ya nyuma, umekwisha kujua tatizo la kwanza.

Yapo pia maswali ambayo maabara haiwezi kuyajibu peke yake. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee waliokufa, hasa wa chama cha Gohu miongoni mwa Wagiriama, husimamishwa ili visimame hapo mpaka mvua na mchwa viviishe. Vingi viliibwa na kuuzwa Marekani, na baadhi vimerejeshwa au kuahidiwa kurejeshwa; Denver Museum of Nature & Science, kwa mfano, ilikubali kuvirudisha 30. Mhifadhi aliyefunzwa kuzuia kuoza afanye nini mbele ya kitu ambacho wenyewe walikikusudia kioze? Msimamo ambao taaluma imeufikia, baada ya ubishi mrefu, ni kwamba neno la wenye kitu huja mbele, na kwamba jamii inaweza kukataa matibabu, kutaka kitu kiguswe na watu fulani tu, au kutaka kirudi kilipotoka kikaishie huko.

Urejeshaji huo una upande wa afya ambao huzungumzwa kidogo mno. Katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20, makumbusho za Ulaya na Marekani, na zetu zilizoanzishwa wakati wa ukoloni, zilipaka mikusanyo arseniki, zebaki na baadaye DDT ili kuua wadudu. Sumu za arseniki na zebaki haziozi. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoipelekea Uganda vitu 39 mwaka 2024, na kila shehena ya aina hiyo inapokuja, swali la kwanza la mhifadhi linapaswa kuwa kama vimepimwa kwa kifaa cha eksirei kinachotambua madini hayo, kwa sababu ngoma au kilemba kinachorudi kwa watu kitataka kupigwa na kuvaliwa. Wanyama waliokaushwa wa zamani hushikwa kwa glavu za mpira na barakoa. Glavu za pamba nyeupe, zinazopendwa na televisheni, si salama hata kwa hati za kale, kwa sababu huua hisi za vidole na kurarua kingo za karatasi. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha.

Njia ya kuifikia kazi hii haijanyooka. Kwa muda mrefu michepuo ya kidato cha tano nchini Tanzania imeiweka historia chumba kimoja na kemia chumba kingine, ilhali mhifadhi anazihitaji zote mbili, pamoja na mikono iliyozoea kazi ndogondogo. Wengi huingia kwa shahada ya akiolojia na urithi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwa shahada ya kemia, kisha hujifunza kazi ndani ya makumbusho. Mombasa kuna Kituo cha Maendeleo ya Urithi Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2000 kwa jina jingine, ambacho kimefundisha watu wa makumbusho kutoka nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Chuo Kikuu cha Pretoria kilianzisha mwaka 2019 shahada ya uzamili ya uhifadhi wa urithi unaoshikika, jambo lililopunguza ulazima wa kwenda London au Cardiff na kusomea matatizo ya nchi za baridi. Kozi fupi za ICCROM huwa na ushindani, na humfaa zaidi aliye tayari kazini kuliko mhitimu asiye na mkusanyo wa kuutunza.

Nafasi za ajira ni chache na nyingi ni za serikali: makumbusho za taifa za Tanzania, Kenya na Uganda, idara za mambo ya kale, nyaraka za taifa ikiwemo ya Zanzibar, na maktaba za vyuo vikuu zenye miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Kwa sababu hiyo, anayeomba nafasi ya kujitolea asiombe maabara kwanza, bali aombe stoo, kwa kuwa huko ndiko upungufu wa mikono ulipo. Ataanza kwa kukagua mitego ya gundi na kuhesabu wadudu walionaswa kwa aina na kwa chumba, kufuta vumbi kwa brashi laini kuelekea mdomo wa mashine ya kulivuta, na kujaza fomu za hali ya vitu. Fomu ndizo zitakazompima. Anayeandika "hali nzuri" hajaandika kitu. Anayeandika kwamba mguu wa kushoto wa nyuma una matundu saba, manne yakiwa na kingo kali na mbao nyeupe kwa ndani, amempa atakayekuja baada yake uwezo wa kujua kama la nane limeongezeka.